Bustani Ile ya Kwenye Bango

Jumatatu, 19 Agosti 2024

Mama yuko Karatu! Hakupiga simu wala kutuma salamu. Nimefika ofisini asubuhi nimemkuta kwenye ngazi, kajifunga shuka mbili kwa baridi, kibuyu cha maziwa mapajani. Toka Kakesio alipanda lori la mnada mpaka Endulen, leo alfajiri akadandia gari la abiria. Kuna msiba? Hakuna. Kuna mgonjwa? Hakuna. Ng'ombe? Wapo, wamekonda lakini wapo. Sasa nini, yeyo, mama yangu? Eti amekuja kuona ninakofanyia kazi.

Mimi nikajua amekuja na jibu la baba mdogo Ngoyai kuhusu harusi. Moyo puu! Maana mambo yangu yamekwama tangu Juni, kina Fabian walipokuja na asali kuniposa. Asali ilipokelewa vizuri. Lakini bila baraka ya baba sitoki bomani, na baba mwenyewe aliondoka kwenda pwani kutafuta kazi ya ulinzi mimi hata meno ya utoto sijang'oa. Hakurudi. Kila anayetoka huko anasema alimwona mahali pengine — Dar, Tanga, mara Mombasa. Ngoyai ni mdogo wake, angeweza kusimama badala yake. Amekataa katakata. Anasema kaka yake hajafa: "Nikikutemea mate ya baraka mimi, nimemzika." Basi. Baba wa kunizuia ninaye, wa kunibariki sina. Mtu aelewe nini hapo?

Kumbe Mama hakuja na jibu lolote. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Akazunguka ofisi nzima anaangalia mabango yetu ya safari za watalii. Tembo akampita. Kreta akaipita — ile anaiona bure kila akipita. Akasimama kwenye bango la safari ya Unguja: kasri ya Sultani wa zamani, nyeupe, roshani za mbao, mbele bustani ya mawaridi, na kule kwenye kona, chini ya mti, mlinzi wa Kimasai na fimbo yake. Picha ile niliichagua mimi. Mpiga picha alileta mbili, moja bustani tupu, nyingine ina Mmasai. Bosi wetu, Kaka Dickson, alitaka ile tupu. Nikamwambia Kaka, wageni wanapenda Mmasai, weka hiyo. Na inauza kweli!

Mama alisimama pale mpaka chai yake ikaganda utando. Hapo ni wapi? Nikamwambia. Picha ya lini? Kama miaka miwili. Na hiyo nyumba bado ipo? Yeyo, nyumba ya Sultani imekaa zaidi ya miaka mia, itaenda wapi!

Akasema: "Nipeleke."

Mama yangu! Ambaye hajawahi kuniomba hata soda!


Jumanne, 20 Agosti

Nimempangia kama ninavyowapangia wageni. Basi mpaka Dar, boti asubuhi, kulala Mji Mkongwe, siku ya pili kasri na bustani, siku ya tatu kurudi. Kaka Dickson kacheka sana, kasema nimpe mama bei ya ndugu. Nikapendekeza Oktoba, watalii wakipungua.

Kisha nikamuuliza Mama kama ana maswali. Nisingeuliza!

Wageni wangu huuliza kuna wifi, kuna mbu, kuna chakula cha wasiokula nyama. Mama ameuliza kuna nyasi? Nikasema kuna mawaridi, yeyo, kuna mti wa mdalasini, kuna bwawa walilokuwa wanaogea wake wa Sultani. Akasikiliza kwa adabu. Akarudia: nyasi mbichi zipo? Zipo. Mtu akichuma anakamatwa? Sasa mimi nijue wapi! Ameuliza kama getini wanaruhusu kuingia na kibuyu cha maziwa. Ameuliza walinzi wa pale hubadilishana saa ngapi. Nikamuuliza, yeyo, tunaenda kutembea au kuiba? Hakucheka.

Na lazima twende wote wawili. Mimi na yeye, Fabian asije. Hilo la Fabian naelewa, mkwe na mama mkwe hawawezi kulala nyumba moja ya wageni. Mengine yote sielewi hata moja.


Alhamisi, 22 Agosti

Nimeamka na wazo baya. Mama anaumwa. Ndiyo maana anataka kuona dunia kabla haijamponyoka. Nimewasikia wageni wazee wakisema hivyo wakiwa ndani ya gari, eti daktari kanipa miezi, nikasema nije nione simba.

Nikampeleka hospitali. Alinifuata bila ubishi, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Wakampima presha, sukari, kifua, kila kitu. Daktari akaniambia mama yako ana presha ya msichana, wewe ndiye nikupime, unatetemeka. Mama akaniuliza tumekuja kufanya nini hapa. Nikamwambia nilidhani unakufa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Wagonjwa wote kwenye benchi wakaanza kucheka naye, na wala hawajui kinachochekesha.

Njiani nikamwambia basi, kama mzima, hii safari tuisogeze. Ifanyike baada ya harusi, akili yangu ikishatulia. Akasimama katikati ya barabara, bodaboda zinampigia honi.

"Kabla," akasema. "Baada haina maana."

Kabla kwa nini? Akaendelea kutembea. Nilirudi ofisini nimemkasirikia, na sijui nimemkasirikia kwa lipi hasa.


Jumapili, 25 Agosti

Baada ya ibada nimeenda Ganako, kwa kina Fabian. Mama kabaki kwangu, bila shaka. Mama yake Fabian, Mama Cresensia, alikuwa anapepeta maharage uani. Hakuinua kichwa. Akauliza: baba mdogo amejibu? Bado, Mama. Na mama yako amekuja Karatu kufanya nini? Hapo ningedanganya, lakini mimi uongo unanishinda usoni. Nikasema anataka kwenda Unguja kuona kasri na bustani.

Ungo ukasimama. Kuona nini? Bustani, Mama. Ya maua. Akaniangalia kama nimemwambia ng'ombe wa kwetu wanakula ugali. Akasema hata yeye maua anayo, yale pale nyuma ya choo, mama yangu aje ayaone bure. Akasema mtu ambaye binti yake kakwama mlangoni hana nafasi ya kutembelea maua. Na mwisho, kwa sauti ya chini, ile inayouma: yeye atasubiri mpaka mvua za vuli. Zikinyesha hakuna jibu, asali watahesabu imeliwa na nyuki wenyewe. Wasichana wa kwaya wapo.

Fabian alinisindikiza mpaka lami. Mikono yake ina grisi hata Jumapili, fundi wa magari ni fundi tu. Anasema twende kwa padri, atubariki, yaishe. Nikamwambia mama yangu hatakanyaga huko kabla ya baraka ya baba, na bila yeye mimi siolewi. Akasema sawa. Hakugomba. Ni mpole mpaka ananiudhi.

Nampenda jamani. Nimeandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.


Jumatano, 28 Agosti

Mama amehamia ofisini. Asubuhi tunakwenda wote, anakaa chini, mgongo kwa mlango, uso kwa bango, anatunga shanga. Anatengeneza ule mkufu mpana wa harusi. Nikamwambia yeyo, harusi yenyewe iko wapi? Akasema wewe panga safari.

Wageni wa Kihispania wameingia kuulizia kreta, wakamkuta hapo. Basi! Kamera nje. Mmasai chini ya bango lenye Mmasai, wakafurahi kama wameona chui. Mama akawaacha wapige, hakugeuka. Kaka Dickson akaninong'oneza kwamba bango lijalo tumweke mama yako. Nikacheka. Wazo zuri, nikasema.

Mchana nimempigia Clemensi. Huyu ni kijana wa Mbulu aliyehamia Unguja, ndiye anatupokelea wageni kule. Nikamuuliza kuhusu nyasi, kuhusu kibuyu, kuhusu zamu za walinzi. Akaniuliza hawa wageni ni wa nchi gani, mbona maswali mapya! Nikamwambia mgeni ni mama yangu mzazi. Akacheka, akasema mwambie asihofu, pale bustanini mlinzi wa siku nyingi ni Mmasai, mzee mmoja hivi, kazi ya ulinzi ameigeuza ya kumwagilia, kutwa na mpira wa maji. Ndiye yule wa kwenye bango lenu. Getini atamruhusu hata akija na mbuzi.

Nikamgeukia Mama, nikamwambia kwa furaha kabisa: umeona, utampata Mmasai mwenzako wa kuongea naye!

Uzi ukamponyoka, shanga zikamwagika sakafuni. Tumeziokota wote wawili kwa magoti. 


Ijumaa, 30 Agosti

Nimerudi kutoka benki nimesikia Mama anaongea ofisini. Nikadhani ana mtu. Hakuna mtu. Anaongea na ukuta, kwa Kimaa, taratibu, kama unavyomsema mtoto aliyepoteza ndama. Nikakohoa. Akarudi kwenye shanga.

Presha ya msichana, sawa. Na kichwa je?


Jumamosi, 31 Agosti

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Fabian alikuja kunichukua mchana. Akachungulia dirishani, akamwona Mama peke yake, kwa heshima akazunguka nyuma akanisubiri penye bomba. Nikamkuta uso umebadilika. Akaniambia: Mama haangalii maua. Nikasema anaangalia nini sasa, ukuta? Akasema anaangalia ile kona. Nikasema kwenye kona kuna mlinzi tu.

Akatoa simu yake, akanionyesha picha aliyonipiga kule gereji bila mimi kujua. Naongea na simu, nimeegemea Land Cruiser, mguu mmoja chini, wa pili nimeukanyagisha kwenye goti, kichwa nimekilaza upande wa kulia. Nikasema nimependeza, nitumie. Akasema, kwa upole ule ule: "Nenda kaliangalie bango."

Nikaenda. Mama alikuwa ametoka kununua uzi.

Mguu mmoja chini. Wa pili kwenye goti. Kichwa kimelala kulia. Mabega yangu. Shingo yangu. Hata kidole gumba cha mguu kimejikunja kama changu.

Miaka miwili! Miaka miwili bango liko mita mbili kutoka kiti changu! Nimeinuka mara ngapi pale, nimeelekeza kalamu kwenye kona ile, nikasema kwa Kiingereza changu cha kazini: na hapa, mabibi na mabwana, mnaweza kupiga picha na Mmasai halisi. Mwenyewe nimemchagua. Mwenyewe nimesema anauza.

Fabian alinishika mkono. Nikamwambia niache. Kisha nikamwambia usiniache.


Jumapili, 1 Septemba

Kanisani sijaenda. Nimemkalisha Mama kitandani, nikamuuliza kwa jina la baba. Nimelitamka mwenyewe: yule ni Parmuat?

Akasema ndiyo. Alimjua siku ile ya kwanza, kabla hajafika karibu. Kwa shuka. Anaifunga fundo bega la kushoto, watu wote walikuwa wanamcheka.

Kwa nini hukuniambia! Nilipiga kelele, jirani akazima redio. Mama akasema, wewe ulipopanga chumba hiki uliniambia jina lake lisitajwe humu ndani. Sikulitaja.

Kweli nilisema hivyo. Jamani, Mama na utii wake!

Nikamuuliza sasa unakwenda kumrudisha. Akashangaa, kabisa, kana kwamba nimemtukana. Kumrudisha nani, huyo? Ng'ombe wamezoea sauti yangu, akasema. Nyumba nimeikandika mwenyewe mara ngapi. "Simtaki. Nataka mate yake tu."

Ndipo yote yakanijia kwa pamoja. Nyasi mbichi za kushika mkononi mzee akibariki. Maziwa kwenye kibuyu. Mimi niwepo, kichwa changu kiwepo. Kabla, si baada. Zamu za walinzi! Mama amepanga harusi yangu ndani ya bustani ya Sultani, na mimi nampigia hesabu za boti.

Nikasema mate gani! Mtu anaacha mke na mtoto, haulizi tumekula nini, halafu tuvuke nchi nzima na bahari juu yake kufuata mate! Mate hata wewe unayo, yeyo. Akasema yangu umeshayanywa yote, bado yake. Nikasema basi tumpigie simu atamke baraka, yaishe. Akaniangalia kwa huruma, mimi niliyesoma.

"Mate hayapiti kwenye simu."


Jumatatu, 2 Septemba

Nimelibandua bango. Ukutani limebaki doa jeupe, linaonekana kuliko bango lenyewe. Kaka Dickson kauliza liko wapi, nikasema limechanika. Akauliza la pili lichapishwe lini. Nikasema sijui. Akaniangalia, akasema ukiwa tayari utaniambia. Huyu bosi siku nyingine ni mtu kabisa.

Nimemwambia Mama siendi. Kama Ngoyai hataki, kama Ganako hawataki, basi nitakaa kama nilivyo. Sitamwinamia kichwa mtu yule. Nilipokuwa naumwa surua hakuwepo. Nilipofukuzwa shule kwa kukosa viatu hakuwepo. Leo niende nikamwinamie, anitemee, aondoke kama aliyelea?

Mama anatunga shanga.

Saa kumi Clemensi akapiga. Kasema kama mama anataka kweli kuona bustani, asingoje Oktoba. Kasri inafungwa kwa ukarabati, Jumatatu ijayo mafundi wanaingia, na walinzi wote wa zamani wanaondolewa, inakuja kampuni ya wenye sare. Nikamuuliza, sijui kwa nini nikamuuliza, yule mzee atakwenda wapi? Akasema nani ajuaye. Hawa wazee wa Kimasai wakitoka mahali wametoka. Utamsikia Mombasa, utamsikia Kilwa.

Hilo nalijua. Nimelisikia maisha yangu yote.


Jumatano, 4 Septemba

Sijui ninachotaka. Nikijiambia siendi, namfikiria Fabian. Nikijiambia naenda, nakumbuka viatu nilivyokosa.

Fabian anasema yeye yuko radhi kwenda peke yake kumleta mzee mpaka Kakesio. Nikamwambia Mama kasema hamtaki Kakesio. Akasema basi ataongea naye tu. Nikamwambia utaongea naye nini, wewe Kimaa chako ni cha kununulia mbuzi! Tukacheka, kisha nikalia, akabaki kanishikia mkoba.

Jioni namkuta Mama anafunga mzigo. Kibuyu kipya amekifukiza moshi, kinanukia nyumba nzima. Viatu vyangu vya ngozi, vile vya siku ya kutoka nyumbani nikiolewa, amevifunga ndani ya kanga. Nikamuuliza unakwenda na nani? Akasema kama binti ana kazi nyingi, anakwenda mwenyewe. Mama! Kiswahili chake ni cha salamu na bei ya mahindi! Atashuka Dar, atasimama hapo na kibuyu, atamuuliza nani njia ya kwa Sultani? Akasema atauliza Wamasai. Wako kila geti, wanalinda nyumba za watu.

Damu nzito, wanasema. Yangu sijui ni nzito au imeganda tu.

Akaongeza neno moja, hakuniangalia. Alisema hasira yangu ni ya haki, niibebe, niende nayo mpaka kwenye bustani ile, hakuna aliyesema niiache getini. Baraka haiulizi kama umesamehe. Inauliza kama umeinama.

Naenda kulala nikiwaza neno hilo. Sikubaliani nalo. Asubuhi nitakata tiketi mbili za basi.


Ijumaa, 6 Septemba

Kesho alfajiri tunaondoka. Tumepitia ofisini kuchukua tiketi za boti, Kaka Dickson amezichapa mwenyewe. Kaenda kula mchana, tumebaki mimi na Mama. Anakaa pale pale pa siku zote, uso kwa lile doa jeupe. Mkufu umekwisha. Mzito huo!

Clemensi amepiga sasa hivi kuthibitisha. Mama akaashiria niweke spika, hataki mambo ya kunong'onezwa. Clemensi ana kelele kama kawaida yake: niko bustanini hapa na wageni Wafaransa, na Mmasai mwenzenu yuko mbele yangu, hebu mmpe salamu za nyumbani, anaondoka keshokutwa! Nikapiga kelele hapana, Clemensi, ngoja — sikumwambia chochote, hajui — lakini simu imeshahama mkono. Nikasikia pumzi.

"Takwenya."

Ndivyo mzee anavyomsalimia mwanamke wa kwetu, na mwanamke ana jibu moja. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. "Iko."

Sauti nyembamba. Nilidhani itakuwa nene. Akauliza tuko wapi. Karatu. Kwetu hasa? Kakesio. Nilidhani sasa atauliza watu. Hakuuliza watu! Akauliza, nyasi zipo?

Nikamtazama Mama. Mama akafumba macho.

Nikasema hakuna, ni kiangazi, ng'ombe wanakula vumbi. Akasema huku zipo. Nazimwagilia mwenyewe. Nyuma yake maji yanasikika kweli, yanapiga majani. Akasema tena, polepole, kama mtu anayekanyaga mahali asipopajua: Kakesio, kwa nani?

Ningeweza kusema jina lolote. Kakesio ina watu wengi. Nilimtazama Mama anisaidie, naye anaangalia doa jeupe tu.

Nikasema jina la Mama: "Kwa Seenoi."

Maji tu. Halafu nikamsikia anamwambia Clemensi kwa Kiswahili cha pwani kabisa, kijana, shika hii, usikate, nakuomba usikate, nikafunge maji kwanza. Na Clemensi anauliza kuna nini, Namunyak, mzee ana nini, mbona anakimbia? 

Simu iko mezani. Naandika ili mikono ipate kazi. Nikimaliza sentensi hii sijui nitamwitaje. Maji bado yanasikika, mbali, yanamwagika kwenye bustani ya watu. Mama ameinuka. Amekuja nyuma ya kiti changu na kibuyu chake. Nikamwambia yeyo, ulisema mate hayapiti kwenye simu. Amesema hayapiti, kesho tunayafuata, hii ni salamu tu. Ameweka mkono kisogoni kwangu. Ananiinamisha kichwa mbele ya simu, kama mtoto anavyoinama kwa mzee, na shingo yangu hii ngumu inakubali —

Maji yamekoma.